Jumapili za Papa Anselme

Nimemwona Odilo akifa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wangu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya basi la Kolwezi, na televisheni ndogo ilikuwa imefungwa kwa waya juu ya kichwa cha dereva. Odilo alikuwa maiti. Alilala kwenye meza ya chuma katika mji fulani wa Uingereza, daktari akamfunua kope kwa kidole gumba, na mimi nikapiga kelele hata abiria wa mbele wakageuka kunitazama. Mara nyingine ilikuwa katika depo ya samaki kule Kasenga, kwenye simu ya mpakizi mmoja. Hapo alikuwa dereva wa teksi, akapigwa risasi kabla hatujajua kama ana watoto. Baadaye wakaanza kumwacha aishi muda mrefu zaidi. Akawa mlinzi wa hospitali, akawa mchungaji, akawa waziri wa nchi ya Afrika isiyokuwepo kwenye ramani yoyote, kisha jaji mwenye joho, na yule jaji hakufa kabisa. Filamu hizo zilitufikia zikiwa zimetiwa Kifaransa, kwa hiyo sauti haikuwa yake. Kila mara mtu mwingine alisema kinywani mwake. Mimi nilibaki na mwili wake tu: mabega, shingo, namna ya kukaa kitini. Ulitosha. Niliacha shule kabla ya kumaliza ya msingi, nimeuza samaki, nimepikia wachimbaji, nimekaa miji mingi bila kuota mizizi katika hata mmoja, na katika kutangatanga kote huko sijaona jambo la kunishangaza kuliko lile nililoliona nikiwa na miaka kumi na tisa, katika sebule moja ya mtaa wa Makomeno, kati ya kabati la vikombe na redio.

Mwezi uliopita nilikuwa Kasenga, nikingoja boti ipakuliwe, simu ikalia. Alikuwa Koleta, shangazi yake Odilo na binti wa nyumba ile ya Makomeno. Mwaka ule mimi na yeye tulikuwa wasichana pamoja, tukipokezana kitana kimoja.

"Sido, mama alitutoka," akasema. Nikasikia akivuta pumzi. "Na Odilo anakuya. Iko mu ndege."

"Ataingia mu lupango?"

"Sasa nani atamukataza? Mwenye kumukataza njo ule amekufa."

Kwetu njo ni ndiye au ndiyo, na lupango ni uwanja wa nyumba pamoja na ukuta wake na yote yaliyomo, na Odilo hakuwa amekanyaga lupango ule tangu alipotoka akiwa kijana. Niliwaachia wengine samaki wangu nikapanda lori la mchana. Njia nzima, vumbi jekundu likitupiga usoni, nilikuwa nafikiria swali moja tu: akifika langoni, ataingia akiwa nani?

Nilikuwa nimeingia lango lile mimi mwenyewe na magunia mawili ya samaki wa moshi na tabia ya kuuliza maswali. Mama Vero alinipa chumba cha nyuma ya jiko. Mimi nilimpa samaki kwa chungu na mikono ya kutwanga. Nilisema nitakaa wiki moja. Mumewe, Papa Anselme, alikuwa ameendesha treni mpaka alipopumzishwa kwa uzee, naye alikuwa mtu wa matendo machache yasiyobadilika. Kabla ya kukaa aliweka kiganja juu ya kiti, kama mtu anayetafuta msumari. Kikombe alikishika kwa mikono miwili. Akitaka kufikiri, alikuna nyuma ya sikio kwa kidole gumba. Na kila alipotoka nyumbani, hata kama anakwenda kununua chumvi tu, aligonga mwimo wa mlango mara mbili kwa kofia yake na kusema, "Funga mulango." Watu wa reli wa zamani hawakuaga kwa kusema watarudi. Waliona ni kuiita ajali. Odilo, mjukuu aliyelelewa hapo, alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, mkimya, na bibi yake alimwita "bwana yangu" kama akina kambo wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Kambo kwetu ni babu au bibi, na kati ya kambo na mjukuu utani hauna mpaka.

"Anselme, ona," Mama Vero alikuwa akisema jikoni kila Odilo alipoleta makaa, "bwana yangu mudogo ameleta makala. Weye mukubwa unaleta nini?"

"Naleta njaa," alijibu Papa Anselme, na kukagua kiti chake.

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza, hospitalini, moyo ukiwa umechoka. Mama Vero alirudi kutoka huko bila neno. Alikaa kwenye mkeka sebuleni, wanawake wa ukoo wamemzunguka, na hakulia, hakula, hakujibu hata waliomwita kwa jina la utoto wake. Nje lupango ulijaa watu. Walitandika turubai, wakawasha mbabula, yale majiko ya makala, vyungu vya bukari, ugali wetu, vikawa havipoi, maana matanga ni kulisha watu na ni kukaa nao. Na kama ilivyo desturi, wajukuu wakaanza kizukulu. Mgeni asiyekijua angedhani ni matusi. Wajukuu huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na kasoro zake, humlilia kwa uongo, huziba njia ya jeneza na kudai chochote, na watu waliovimba macho kwa kulia hucheka mpaka wanashika mbavu. Kina sharti moja ambalo hakuna anayefundishwa, kwa kuwa kila mtu analijua: lazima uzidishe. Tumbo la marehemu ulifanye gunia, kikohozi chake ukifanye ngurumo, ili kila mwenye macho aone kwamba huyu ni mjukuu na yule amekufa. Binamu yake Odilo alijifunga mto tumboni, akaweka funeli mdomoni na kupuliza kama treni, akazunguka uwanja mzima akiuliza nani amemwibia reli zake. Watu wakacheka. Jirani yetu Mama Bea alicheka mpaka akamwaga chai.

Kisha Odilo akatoka mlango wa jikoni akiwa amevaa koti la kazi la babu yake. Hakupuliza kitu. Alisimama kizingitini, akavua kofia, akatazama juu ya mti wa avoka kama mtu anayeuliza mvua itakuja au haitakuja. Akakuna nyuma ya sikio kwa kidole gumba. Akatembea polepole mpaka kwenye kiti kitupu kilichokuwa chini ya turubai, akaweka kiganja juu yake, akangoja kidogo, akakaa. Ni hayo tu. Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichokiona na sijawahi kufaulu. Odilo alikuwa mrefu kuliko babu yake. Yule niliyemwona kitini alikuwa mfupi. Odilo hakuwa na hata unywele mmoja wa ndevu. Mimi niliona ndevu nyeupe. Kicheko kilikatika kama maji ya bomba. Wanawake wawili walijifunika nyuso kwa vitenge. Na kupitia dirisha la sebule, lililokuwa wazi, tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu hospitalini.

"Anselme," Mama Vero akasema. "Ulikula?"

Hapo Odilo angeweza bado kuokoa mambo. Angepuliza treni, angeanguka na kiti, tungecheka. Lakini alikuwa na miaka kumi na saba na bibi yake alikuwa amesema. Akajibu, na sauti ilitoka pale ambapo sauti ya mzee ilikuwa inatokea, chini ya koo:

"Bado."

Mama Vero akainuka kwenye mkeka. Akaja jikoni mwenyewe, akachota bukari, akaweka sombe, mboga ya majani ya muhogo, pembeni, akamletea maji ya kunawa. Mtoto wake wa kwanza, Polidor, mtu mzima mwenye hasira za haraka, akapasua kundi. "Hii haiko kizukulu!" akapiga kelele. "Kizukulu bantu banacheka. Hapa nani alicheka? Nauliza: nani alicheka?" Odilo alikuwa anakula, taratibu, tonge dogo dogo, na bibi yake alisimama mbele yake amefumbata mikono, akimwangalia. Naye, baada ya siku zote zile, akala kilichobaki katika sahani.

Basi ndivyo Jumapili zilivyoanza. Tulimzika Papa Anselme, turubai likakunjwa, Mama Vero akavaa nguo nyeusi za mjane ambazo zinavaliwa mwaka mzima. Aliamka, alipika, alizungumza, aliuliza bei ya samaki wangu. Lakini neno "alikufa" halikupita mdomoni mwake. Jumapili ya kwanza baada ya misa aliandaa meza kwa kitambaa cha plastiki chenye picha za zabibu, akatoa vikombe vya kabati ambavyo sikuwahi kuona vikiguswa, na akamwita Odilo. Sebule ile ninaiona sasa nikifumba macho: viti vyenye vitambaa vya kusukwa kwa mkono, saa ya ukutani iliyotoka stesheni, redio iliyofunikwa kama mtoto, harufu ya nta nyekundu sakafuni. Odilo alisimama katikati akiwa hajui aweke wapi mikono.

"Kambo, leo mi niko nani? Mujukulu ao bwana?"

"Vaa koti," bibi akasema. "Bukari inapola."

Mimi nilikuwa naleta vyakula na kuondoa vyombo, kwa hiyo nilikuwa naona. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa wa huzuni, na labda ulikuwa. Lakini kadiri Jumapili zilivyofuatana, niligundua kwamba ilikuwa pia kazi, na kwamba Mama Vero alikuwa bosi mkali. "Hapana ivi," alikuwa akisema. "Anselme hakushika kopo sawa mulevi. Alishika na mikono mbili, sawa mutu ameshika ndege. Anza tena." Odilo akaanza tena. "Usicheke na meno. Alikuwa anachekea mu mapua." Akaanza tena. Wakati mwingine walikaa kimya muda mrefu, redio ikisoma habari, mtu na mkewe wanaosikiliza redio, na mimi pale mlangoni na sinia mkononi nikasahau kwamba mmoja wao hana hata cheti cha shule. Mama Bea alikuwa anachungulia juu ya ukuta.

"Mama Vero! Bwana yako wa sasa hata ndevu hana!"

"Wako iko nazo," Mama Vero akamjibu bila kugeuka, "lakini unamuona saa ngapi ku nyumba?"

Siku moja, Odilo akiwa anaosha koti lile kwenye beseni nyuma ya jiko, nilimuuliza anafanyaje. Nilitaka kujua kweli, kama nilivyotaka kujua kila kitu, namna ya kupima samaki kwa macho, namna ya kufungua redio. Alifikiri. "Yaya Sido," akasema, yaani dada mkubwa, kwa kuwa nilimzidi miaka miwili, "saa namufanya, sifikiri juu yake. Nikifikiri juu yake, naona aibu. Nafikiri tu juu ya kintu yenye anaangalia." Akakamua mkono wa koti. "Akiangalia muti, mi naangalia muti. Basi. Yeye anakuya peke yake." Nimekaa na maneno hayo maisha yangu yote. Nimeyajaribu sokoni, nikitaka kujua mnunuzi anafikiri nini: ninaangalia anachokiangalia. Yanafanya kazi. Ila kwangu haji mtu yeyote peke yake.

Mwaka ukawa unaisha, na hapo ndipo mambo yalipofikia koo. Mjane akimaliza mwaka, ukoo unakutana, kuna misa, anavuliwa nyeusi, marehemu anaachiwa aende zake, na nyumba inafunguliwa tena kwa furaha. Kabla ya hapo hakuna harusi. Koleta alikuwa na mchumba huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, muuguzi mwenye haraka aliyekuwa ameahidiwa kazi Uingereza, na ukoo wa mchumba ulikuwa umeanza kuuliza maswali. Koleta alilala chumba kimoja na mimi, najua alivyokuwa anageuka kitandani. Polidor alimwendea mama yake akiwa na ndugu wawili wa marehemu kupanga siku. Nilisikia yote, nilikuwa nachambua dagaa upande wa pili wa pazia.

"Kuvua nyeusi juu ya nani?" Mama Vero akauliza kwa upole. "Bwana yangu iko. Jumapili alikula hapa. Muulize Sidonie."

"Mama, baba alikufa. Tulimuzika."

"Mulizika kintu yenye mulizika. Mi sitavua kama hajaniambia yeye mwenyewe."

Polidor alitoka akiwa na uso wa majivu. Alimkuta Odilo uwanjani, akamshika bega, na nilijiandaa kuona kofi. Hakumpiga. Alizungumza polepole, kama mtu anayeomba. "Weye njo ulifungua huu mulango. Weye njo utaufunga. Mi sijui namna gani. Baba yangu anafungiwa hapa, dada yangu anafungiwa hapa, mama anazeeka na nguo ya kifo. Ufunge."

Tulikaa juu ya magunia yangu, Odilo, Koleta na mimi, tukila mihogo ya kuchoma, tukitafuta njia. Koleta alisema Odilo alale kitandani na kufumba macho, bibi aone. Odilo akatikisa kichwa. "Nikikufa pale, atanililia mimi. Na kesho atanikuta naleta makala." Mimi nikasema amwambie wazi: Vero, mi nilikufa. "Hakukuwa mutu wa kusema bintu ya namna ile," akasema, na kidole gumba kikaenda nyuma ya sikio, bila yeye kujua. Alitafuna muda mrefu. Kisha akaacha kutafuna. Alitazama mlango wa jikoni, na niliona wazo likimwingia, na niliona pia kwamba lilimuumiza kabla ya kumfurahisha.

"Anaenda ku kazi," akasema. "Basi. Anaenda ku kazi."

"Na kisha?" Koleta akauliza. "Akienda ku kazi, anarudia."

"Njo pale," akasema Odilo. Akamtazama shangazi yake. "Ukiolewa, utanipeleka Ndola?"

Koleta alikuwa wa kwanza kuelewa, akaanza kulia na muhogo mkononi. Mimi nilichelewa. Ilibidi nifikirie: kama mzee anatoka kupitia lango lile na mzee hatakiwi kurudi, basi sura ile haiwezi kurudi. Si Jumatatu na makala, si Krismasi, si kamwe, maadamu bibi yake anaishi. Alikuwa na nyumba moja tu duniani.

Jumapili ile niliipika mimi: bukari, samaki wa Kasenga kwa nyanya, sombe yenye karanga. Walikula. Mama Vero alimwelekeza mara moja tu, juu ya namna ya kufuta mdomo. Redio ilipoanza habari, Odilo hakukaa kuisikiliza. Aliinuka. Akachukua kofia kwenye msumari.

"Unaenda wapi?" bibi akasema. "Leo siku ya Mungu. Haukuwa unafanya kazi siku ya Mungu."

"Baliniita. Treni iko nangoja."

Nilikuwa nimesimama na sinia, sikuthubutu kuliweka chini. Mama Vero alimtazama. Alimtazama miguu, mikono, kisha uso, kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kushona kabla ya kulipa fundi, na sijui hata leo alimwona nani. Halafu akaenda jikoni. Alichukua gameli ya mumewe, ile sahani ya bati yenye kifuniko ambayo mafundi wa treni hubebea chakula, ambayo haikuwa imeguswa tangu alipostaafu. Akaijaza bukari na samaki, akaifunga kwa kitambaa mafundo mawili, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Utarudia?"

Nilisikia saa ya stesheni ikila dakika zake. Kijana yeyote angesema ndiyo. Mtu yeyote anayempenda bibi yake angesema ndiyo. Odilo alikuwa analia ndani, niko tayari kuapa, lakini yule mzee hakuwa analia, na mzee ndiye aliyekuwa pale. Mzee hakuwahi kuahidi kurudi, hata alipokwenda kununua chumvi. Akagonga mwimo kwa kofia, mara mbili.

"Funga mulango," akasema.

Akatoka. Nilimfuata kwa mbali kwa sababu sikuweza kutofuata. Alipita chini ya mti wa avoka, akapita lango, akapita nyumba ya Mama Bea ambaye kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Alifika kona, na mimi nikadhani sasa atasimama, sasa hakuna anayemwona. Aliendelea na mwendo ule ule mzito, gameli ikining'inia, mpaka palipo na reli. Hapo akakaa juu ya chuma, na mgongo ukanyooka, na miguu ikarefuka, na alikuwa kijana wa miaka kumi na minane anayelia mpaka kamasi. Nyuma yetu, Mama Vero alikuwa amefunga mlango. Wiki ile ile alimwita Polidor, akavua nyeusi.

Niliondoka baada ya harusi ya Koleta. Mwaka mmoja ulikuwa mrefu kwa miguu yangu. Kabla sijaenda, tukimenya karanga, Mama Vero aliniuliza, macho yakiwa kwenye karanga, "Na ule mujukulu yangu, iko wapi?" Nikasema yuko Ndola na Koleta, na kwamba wanakwenda Uingereza. Akamenya nyingine kadhaa. "Akae kule," akasema. "Anafanana sana na ule alitoka." Nilikata kauli ya kwamba nimeelewa, kisha barabarani nikaona sikuelewa. Alijua tangu lini? Tangu siku ya mkeka? Kama alijua, basi mwaka mzima katika sebule ile walikuwa wawili wanaocheza, na mimi nilikuwa namtazama mmoja tu.

Yaliyofuata niliyakusanya vipande vipande, kutoka kwa Koleta na kutoka kwenye vioo vidogo. Kwamba alifagia ukumbi wa michezo kabla hajaruhusiwa kupanda jukwaani. Kwamba mwalimu mmoja huko alimuuliza alisomea wapi, akajibu "kwa kambo," na wakadhani ni jina la chuo. Kwamba kwa miaka mingi walimtaka awe mtu wa kufa, kisha wakaona ni hasara. Miaka michache iliyopita walimpa hatimaye mtu kamili, mhusika mkuu wa hadithi ndefu ya sehemu nyingi: mzee wa reli wa kaskazini ya Uingereza, mwenye baridi na bustani. Niliitazama katika baa moja ya mtaa wetu uitwao Kenya, watu wakipiga kelele wanataka mpira. Mzee yule wa Kiingereza akachukua kofia, akaenda mlangoni, akagonga mwimo mara mbili. Nikasimama. Machozi yakanitoka mbele ya walevi wale wote. Mamilioni ya wazungu walikuwa wamemwona Papa Anselme wa Makomeno akienda kazini, na hakuna aliyejua.

Nilifika kwenye matanga ya Mama Vero nikiwa mwekundu kwa vumbi. Turubai, mbabula, bukari, vilevile. Polidor sasa ni mzee wa mkongojo. Koleta alinikumbatia, akanionyesha lango kwa kidevu. Odilo alikuwa amesimama nje yake, mtu mwenye mvi, suti nzuri, mfuko wa plastiki mkononi. Alikuwa amesimama hapo tangu gari limwache. Wajukuu na vitukuu walikuwa wamemaliza kizukulu chao na kumkodolea macho, simu zikiwa juu, maana walimjua wote; hakuna aliyethubutu kumsogelea. Alikuwa amefikia karibu umri wa babu yake. Alipokuna nyuma ya sikio, nilimwona Polidor amekaza mkongojo. Sote wawili tuliwaza jambo moja. Akifanya tena kama mara ile, nani ataufunga mlango?

"Odilo," Polidor akaita. "Weye mujukulu ao mugeni? Ingia, fanya kazi."

Odilo akatia mkono katika mfuko. Akatoa gameli. Ilikuwa ile ile, bati limepondeka upande mmoja. Akavua koti la suti, akalikunja, akalisukumia ndani ya shati mpaka akawa na tumbo la mwenye mimba. Na akaingia, kwa magoti yaliyopanuka kama chura, akipuliza treni kwa mashavu, vibaya, vibaya kabisa, akajikwaa kwenye kamba ya turubai, akaanguka karibu ya mbabula ya Mama Bea, akainuka na majivu puani. Akafika kwenye jeneza, akagonga kifuniko cha gameli kwa kijiko.

"Vero! Vero, amuka tuone! Hii bukari ulinipikia njo nini? Miaka yote niko natafuna! Haiivi! Treni iliniacha sababu ya bukari yako!"

Kwanza Mama Bea, mzee asiye na meno, akatoa mlio kama kuku. Kisha lupango mzima ukalipuka. Koleta alinishikilia shingo asianguke. Polidor alicheka mpaka mkongojo ukamtoka, na alipokuwa anacheka alikuwa anasema, "Njo hii, njo hii sasa, kizukulu njo hii," akifuta macho kwa tai yake. Kando yangu kijana mmoja, kitukuu, alikuwa anapiga video, na uso wake ulikuwa na masikitiko ya kweli.

"Mama, uyu njo ule wa ku filme?" akaninong'oneza. "Mbona hajui kucheza?"

Odilo alikuwa anakwenda kukaa sasa, tumbo limehamia mgongoni. Alifika kwenye kiti, akaweka kiganja juu yake, mara moja, kwa upole, akitafuta msumari. Kisha akakikalia kwa kishindo, kiti kikavunjika, na watu wakapiga mayowe.

"Hajui," nikamjibu kijana. "Leo hajui kabisa."